Mlima Ulioshuka Stesheni

Dobi wa hoteli ya mlimani alitoka nyumbani mtoto akiwa amelala na kurudi mtoto akiwa amelala tena. Alipanda mlima kwa miguu. Treni ya kwenda huko ilipita nyuma ya uwanja wao, mabehewa yamepigwa rangi, viti havina mtu, lakini ilijengwa kuvutia watalii, na wenyeji walikatazwa kuipanda wasije wakaharibu picha. Watalii wenyewe hawakuja.

Wakubwa wa reli walifanya kikao, wakala, wakashiba, wakakubaliana kwamba reli haina kasoro. Kasoro ni ya mlima, uko mbali mno. Walilitangaza hilo redioni, na mlima ukasikia.

Jumatatu asubuhi ulikuwa umeshuka, pamoja na hoteli, bwawa la kuogelea na ukungu wake, ukaketi mwishoni mwa stesheni na kuziba mlango wa choo.

"Wahenga walisema milima haikutani," stesheni masta alisema, akifagia kokoto. "Hawakusema haishuki."

Watalii wakamiminika. Treni iliwapakia, ikapiga honi, ikasogea urefu wa behewa moja, ikawashusha. Walisifu sana mandhari ya njiani. Wakubwa wakatangaza kwamba reli imeleta watalii, wakapandishana vyeo.

Dobi alifurahi kuliko wote. Kutoka uani kwake aliziona shuka za hoteli zikipepea kambani. Sasa angerudi mchana, amlishe mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Alivuka reli, akabisha hodi.

"Dada, huku ni kwa wageni," meneja alimwambia. "Wafanyakazi mnapita lango la nyuma."

"Liko wapi?"

"Pale pale juu. Lango halikushuka."

"Sasa kaka, nipande mpaka huko na kazi iko hapa?"

"Unapanda, askari wa lango anakuona, halafu unashuka unakuja kazini. Jioni unapanda tena kumuaga. Hata mimi siupendi, ila utaratibu ni utaratibu."

Mwenye nguvu mpishe. Barabara ya zamani nayo haikushuka. Ilibaki ikipanda hewani bila kitu chini yake, na kule mwisho askari alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ametundika koti kwenye lango. Dobi alivua viatu akapanda. Kwa kuwa alikwenda na kurudi mara mbili, alianza kuchelewa nyumbani kuliko zamani, na roho ilimuuma vibaya.

Jioni moja, akienda kumuaga askari, alipita juu ya uwanja wao. Mwanawe alikuwa macho, amepakatwa na bibi yake.

"Mama," mtoto alimuuliza bibi, "yule anayetembea juu ni nani?"

"Mama yako huyo. Anatoka kazini."

Mtoto alimtazama kidogo, kisha akampungia mkono na kutabasamu, kama watoto wote wa kando ya reli walivyofundishwa kuwafanyia watalii. Dobi alimpungia pia, akaongeza mwendo, maana askari alikuwa ameshasimama kufunga lango.