Deni la Jembe

Umewahi kumwona mtu akirudisha mkungu wa ndizi aliopewa bure na jirani? Mimi nimeona, na aliyerudisha ni mkamwana wangu Joyline, mke wa Duncan. Persis wa ng'ambo ya mto alituletea ndizi za kupika, zile fupi nene, utomvu bado unadondoka. Joyline aliporudi kazini akaukuta mkungu umeegemezwa ukutani, hakukaa wala hakuvua viatu. Aliutia begani, akavuka mto juu ya mawe, akautua mlangoni pa Persis, akasema, "Asante, tunazo za kutosha."

Hatukuwa na hata moja. Jioni hiyo tulikula mboga za managu tu.

Kwetu huku nyuma ya Suneka, kukataa chakula cha mtu ni neno zito. Mwenyewe anabaki akijiuliza, kwani ameniona mchawi? Lakini mimi sikumgombeza Joyline. Nilijua haogopi ndizi. Anaogopa deni.

Deni lenyewe nitalieleza upesi, maana lilikwisha na sipendi kulifukua. Joyline alikuwa na duka la nguo za watoto pale sokoni. Akachukua mkopo katika kikundi cha wanawake, ile mikopo ambayo wenzako ndio dhamana yako: ukishindwa, wanalipa wao, au wanakuja kubeba vitu vyako. Duka likalala. Wenzake wakaja wakabeba. Kochi, meza, televisheni, ng'ombe, hata mlango wa chuma ambao ulikuwa bado haujafungwa ukutani. Watu walisema Persis ndiye aliyeshika mguu wa mbele wa kochi. Mimi sikuwepo. Nilikuwa kwetu Nyamira kwenye matanga ya kaka yangu, na niliporudi nikakuta nyumba ya mwanangu ukikohoa inakujibu.

Lililobaki wakalilipa polepole, Duncan akiendesha trekta ya mtu kule Narok, Joyline akifanya kibarua cha usafi katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Kisii. Siku lilipoisha nilidhani tutachinja kuku. Joyline alilala.

Basi deni likaondoka, lakini yeye akaendelea kuishi kama bado limekaa pale mlangoni. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi, vipande vyembamba kama biskuti. Majani ya chai yalichemshwa, yakaanikwa kwenye sahani, yakachemshwa tena, mpaka chai ikawa na rangi ya maji ya mto baada ya mvua. Kola ya sare ya binti yake Ruth, mjukuu wangu, ilipochakaa aliifumua akaigeuza, upande wa ndani ukawa nje. Kwenda mjini alitembea kwa miguu, viatu mkononi mpaka afike kwenye lami, ili soli isiishe kwa mawe ya kwetu. Na kwa jirani hakuomba kitu. Si chumvi, si kaa la moto, si ungo. Kwangu alikubali kidogo, kwa sababu alisema mimi siwezi kuja kumbebea kochi, mgongo wangu hauniruhusu. Huo ndio utani pekee niliosikia kwake mwaka mzima.

Kazi nayo haikuwa kazi ya kumpa mtu usingizi. Mkataba hana. Kila jioni Sylvanus, msimamizi wa hao watu wa usafi, anatuma ujumbe kwa wale anaowataka kesho. Usipoupata, kaa kwenu. Ukiupata ukachelewa kujibu, nafasi imekwenda. Na kwetu simu hushika mahali pamoja tu, chini ya parachichi karibu na choo. Joyline aliitia simu ndani ya soksi kuukuu akaitundika kwenye tawi, akawa anapika shingo imegeukia mti. Hata Ijumaa jioni tukifungua Sabato kwa maombi, jicho moja lilikuwa kwa Mungu na jingine kwenye parachichi.

"Sylvanus anasema kuna watu wengi nyuma yangu wanaoutaka huo ufagio," aliniambia.

"Basi ni ufagio wa dhahabu."

"Mama, usicheke."

"Sicheki, mwanangu."

Alirudi jioni ananuka dawa ya sakafu, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima, na aliweza kulala ameshika sahani.

Sasa mwaka huu mvua ya Machi ikaja vizuri. Joyline alipanda mahindi kipande chao chote, kutoka kwenye ua wa katani mpaka mtoni, peke yake, siku ambazo Sylvanus hakumwita. Mahindi yakaota. Na magugu yakaota, nayo yana haraka kuliko mahindi. Alipalilia pembe moja, akaitwa kazini siku mfululizo, aliporudi ile pembe imeshajaa tena. Mahindi yakaanza kuwa ya manjano. Mtu yeyote wa shamba angeyaona angejua: yasipopaliliwa wiki hiyo, hakuna cha kuvuna. Na pasipo mahindi, unga ungenunuliwa mwaka mzima kwa pesa za ufagio, na pesa za ufagio hazitoshi, na mtu ambaye zake hazitoshi mwisho wake anarudi kukopa. Joyline aliyajua hayo. Alisimama pembeni ya shamba akayatazama yale magugu kama mtu anayetazama wageni wasiotaka kuondoka.

Persis akaja kwangu. Alisimama uani, hakuingia.

"Bwakire, omongina," akanisalimia kwa Kigusii, omongina ndiyo heshima ya mwanamke mzee.

"Bwakire. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kwa sababu ya Mama Ruth. Mahindi yake yanakufa na sisi tunapita tunayaona. Mwambie arudi kwenye egesangio."

Egesangio ni wanawake wanaolima pamoja kwa zamu. Leo kwako, keshokutwa kwangu. Hakuna pesa. Ukinilimia siku, nakulimia siku, na jembe ni la nyumba: akiugua mama, anakuja binti, anakuja hata mkwe. Sharti ni moja, mwenye shamba ndiye anayepalilia mstari wa kwanza. Asipotia jembe yeye, hakuna anayekanyaga, hata magugu yafike kiunoni, kwa maana hatuendi kulima shamba la mtu kama tunamfanyia matanga.

Nilimwambia Joyline. Alikuwa anaosha miguu.

"Nilime kwao siku gani, Mama? Nikiitwa kazini siku ya mtu, nitamwambia nini? Nitakuwa na deni la siku. Nimekwisha kuwa na deni mimi."

"Deni la jembe si deni la pesa."

"Wanaokuja kulidai ni walewale."

Nikamletea maji mengine ya moto.

Lakini kesho yake asubuhi, alipokwisha kwenda, nilichukua jembe langu dogo, lile lililoliwa mpaka likawa kama kijiko, nikavuka mto. Zamu ilikuwa kwa Persis. Nikawaambia nimekuja kwa jembe la nyumba ya Duncan. Walinitazama, wakatazamana, wakanipa mstari wa pembeni wenye udongo laini. Nilipalilia. Wao walifika mwisho, wakageuka, wakanipita wakirudi, na mimi bado niko karibu na mche uleule.

"Omongina, hayo magugu unayapalilia au unayatekenya?" akauliza Edinah, mwenye kucheka kuliko wote.

"Nayatekenya. Yakicheka yanalegea."

"Yatakufa kwa uzee yakikungoja!"

"Yakifa yamekufa. Mimi sitauliza yamekufa kwa nini."

Wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa kiuno kilikuwa kinawaka. Nilikwenda tena kwa Edinah, nikaenda na kwa mwenzake. Nyumba ya Duncan ikawa imelipa siku zake. Persis akasema, "Basi keshokutwa ni kwa Mama Ruth. Umemwambia?"

"Nitamwambia."

Nilikusudia kumwambia. Jioni ya kwanza Joyline alirudi, Sylvanus amemfokea mbele ya wagonjwa kwa sababu ya ndoo iliyoachwa kwenye korido, na ndoo haikuwa yake. Hakutaka kusikia sauti ya mtu. Jioni ya pili alipata ujumbe wa kesho, akaujibu, akala vijiko viwili akalala palepale kwenye kigoda, kichwa ukutani. Ningemwamsha vipi? Nikamfunika leso. Nikasaga wimbi, nikauweka uji uchachuke kidogo, kwa maana watu wa egesangio hawafanyi kazi bila uji.

Asubuhi ndipo walipokuja. Joyline alikuwa mlangoni, viatu mkononi, akaona wanawake wanapanda kutoka mtoni kwa mstari, majembe begani, Persis mbele. Nikamwona anavyokakamaa. Kwake walikuwa wanakuja vilevile kama siku ya kochi, kwa njia ileile.

"Wanataka nini?" akaniuliza. "Mama, hawa wanataka nini? Tulimaliza."

"Wamekuja kupalilia."

"Nani aliwaita?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote palepale, haraka, na jinsi nilivyolima kwao. Alinisikiliza, macho yamekuwa makubwa.

"Mama, umenikopea?"

"Sikukukopea. Nimelipa kwanza. Hawakudai kitu."

"Umelipa kwa mgongo wako. Sasa nina deni la mgongo wako." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningefurahi. "Nimejinyima kila kitu, Mama. Kila kitu. Ili nikipita njiani nisiwe natazama chini."

Wanawake walikuwa wamefika kwenye ua wa katani, wakasimama. Hakuna aliyeingia. Edinah alianza neno la mzaha, Persis akamgusa mkono akanyamaza. Walisimama kama wanaosubiri mlango ufunguliwe, na umande umewalowesha mpaka magotini.

Simu ikalia kwenye parachichi.

Joyline alikwenda akaitoa kwenye soksi. Simu yenyewe upande wa sikio ulikufa zamani na hakutaka kulipia fundi, kwa hiyo inazungumza kwa spika, kila mtu anasikia. Alikuwa Sylvanus.

"Uko wapi wewe? Wenzako wameshaanza kupiga deki."

"Bado niko nyumbani."

"Nyumbani? Unafanya nini nyumbani?"

Edinah akanong'ona kwa nguvu, "Mwambie kuna matanga!"

Joyline aliyatazama mahindi. Alitazama kwa muda, mpaka Sylvanus akaita halo, halo. Nilidhani atavaa viatu. Mguu mmoja ulikuwa umeshaanza kutafuta kiatu.

"Ninapalilia," akasema.

"Unafanya nini?"

"Ninapalilia mahindi yangu. Leo siji."

"Basi huo ufagio nampa mtu."

"Leo mpe."

"Na kesho?"

"Kesho utaniambia wewe. Si huniambia kila siku?"

Simu ikakatika. Hakuna aliyeshangilia. Kazi si kitu cha kushangiliwa inapokaribia kupotea, na kila mwanamke pale alikuwa na mtu wake anayengoja simu kama hiyo. Joyline akairudisha simu kwenye soksi, akaifunga fundo, akaiacha mtini. Akaingia nyumbani akatoka na jembe. Alipita katikati ya wenzake bila kumsalimia yeyote, akainama mwanzo wa mstari wa kwanza, akatia jembe.

Ndipo na wao wakaingia.

Walipalilia kimya mwanzoni. Baadaye mmoja akaanza kulalamika juu ya bei ya mbolea, mwingine juu ya mume wake, na ikawa kama egesangio nyingine yoyote. Persis alikuwa amejiweka mstari wa jirani na Joyline. Hakumpita, ingawa ana mkono mwepesi; Joyline akisimama kupumua, naye akawa na magugu ya kutafuta. Joyline alikuwa amechoka. Si uchovu wa asubuhi ile. Ulikuwa uchovu wa miaka, na nilimwona akiinama juu ya mpini kama anauegemea.

Jua lilipochomoza vizuri nikawapelekea uji, sufuria kwa mikono miwili na vikombe ndani ya kapu. Wakakaa kwenye tuta. Nilianza na Persis kwa sababu ndiye mkubwa wao. Akakipokea kikombe, akakishika, akamtazama Joyline kabla ya kunywa.

"Mama Ruth," akasema. "Ndizi ulinirudishia. Salamu kanisani unazipokea ukitazama ukuta. Mimi najua nilichofanya. Na sisi tungefungiwa mikopo yetu, nasi tuna watoto. Lakini hujawahi kunitukana hata mara moja, na ningeona afadhali ukinitukana. Ungetaka tufanyeje siku ile? Tungeliacha lile kochi?"

Joyline alikuwa anakwangua udongo kwenye jembe kwa kijiti. Alikwangua mpaka chuma kikaonekana. Jambo hilo hata mimi hakuwahi kuniambia, na tunakaa ua mmoja.

"Kochi lilikuwa halali yenu," akasema. "Ng'ombe pia. Nilijua mnakuja, niliambiwa tangu jana yake. Nikaamka nikakamua, maziwa yote nikayatia kwenye sufuria, na majani mapya, sukari nikanunua. Nikawapangia vikombe mezani. Mkaja. Hamkukaa. Mkavishusha vikombe chini kimoja kimoja, vimejaa, mkabeba na meza." Akakitupa kile kijiti. "Sikutaka mniachie kitu, Persis. Nilitaka mnywe chai yangu kwanza."