Flashi ya Fundi

Kompyuta kuukuu iliyokaa mlangoni mwa duka la kuchapisha haikuunganishwa na intaneti wala na mashine nyingine. Kazi yake ilikuwa kupima flashi za wateja kabla hazijagusa kompyuta kubwa. Fundi, mwenye duka, aliiita Bawabu. Flashi yake mwenyewe tu ndiyo hakuipima. "Bawabu ananijua," alisema, na mkewe akamkata jicho.

Sasa Fundi ameshazikwa, na flashi yake iko mkononi mwa mkewe. Ndani mna sauti yake akimbembeleza binti yao alale. Simu iliyorekodi iliibwa. Nakala nyingine hakuna.

"Chomeka kwenye kubwa, ina spika," alisema wifi yake. "Ni flashi ya kaka, siyo ya mpita njia."

Mkono wa mjane ulitaka kwenda. Lakini kompyuta kubwa ilibeba mitihani ya shule na kazi za watu waliowaamini. Akageukia mlangoni.

"Hata yeye unamshuku, wifi?"

"Yeye simshuku. Flashi ndiyo imezurura kila ofisi aliyoitwa."

Akaichomeka. Bawabu akajikongoja, kisha akaonyesha alama nyekundu. Virusi. Folda zote za Fundi zilionekana, kila moja na jina lake, na programu ikauliza kama izifute.

"Usifute," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Utamfuta kaka."

Mjane akakumbuka Fundi alivyowatuliza wateja waliokaribia kulia: folda hizi ni bandia, kirusi kimeficha zile za kweli na kuweka hizi kama chambo. Ukibofya tu, umekikaribisha ndani. Mara ngapi alimsikia akisema hivyo huku yeye akipanga karatasi, asitie maanani?

Akafuta. Flashi ikabaki tupu. Wifi akaketi, akajifunika uso kwa kanga.

Yeye akafungua mipangilio, akaweka tiki kwenye kuonyesha vilivyofichwa. Folda zikajitokeza moja moja, zimepauka kama nguo iliyofuliwa sana. Akazipima tena. Safi. Ndipo akaihamishia flashi kwenye kompyuta kubwa.

Fundi akaimba, kapoteza tuni mwanzo hadi mwisho. Akakohoa. "Umelala, mama? Bado? Haya, baba anaanza upya."

"Huyu na kuimba wapi na wapi," wifi alisema, akicheka na kupangusa macho. "Hebu irudishe mwanzo."

Akairudisha.