Picha Pacha ya Gofu la Harthwaite

Bi Enid Thackray alikuwa na picha pacha elfu moja na mia mbili, na kila moja aliishika kwa kingo tu, kwa glavu nyeupe za pamba, kama mtu aliyeshika kifaranga cha jana. Makanisa, madaraja, magofu, maporomoko ya maji, yote ya enzi za Malkia Victoria. Ni picha mbili zinazokaribia kufanana, zimebandikwa ubavu kwa ubavu kwenye kadi. Ukizitazama kwa kitazamio cha lenzi mbili zinakuwa moja, na ukuta unasimama mbele yako hasa, unatamani kuugusa. Watu wa kijiji chake cha Harthwaite, Uingereza, walimwona kapungukiwa kidogo. Hakuwajali hata chembe.

Mwaka ule Bwana Lionel Pargeter, aliyenunua shamba lote la mlimani, aliziba kwa seng'enge njia ipitayo kwenye gofu la kanisa kwenda makaburini. Clifford, mume wa Enid, alikuwa amelala huko mwaka wa tatu. Kila Jumapili Enid alimpelekea maua na umbea wa wiki nzima. Sasa ilimbidi azunguke maili nne kwa barabara ya malori, na magoti ya miaka sabini na mbili hayakutaka kusikia habari ya maili nne. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili aliwaandikia wakubwa barua saba.

Ndipo serikali ikamtuma mkaguzi, kijana aitwaye Oddie, azisikilize pande zote mbili katika ukumbi wa kijiji. Pargeter alikuja na picha kubwa ya gofu lile, ya mwaka 1862, ndani ya fremu. Akaonyesha kwa kidole: ukuta umegusana na mnara, mtu angepita wapi? Hiyo njia ni ya juzi juzi, alisema, wanakijiji wamejikatia wenyewe. Ukumbi ukanywea.

Enid alipoiona tu, damu ilimchemka. Ilikuwa nusu ya picha pacha, imekatwa na kukuzwa, na kadi nzima alikuwa nayo yeye, mle mkobani. Kwa alivyojua, ndiyo pekee iliyobaki nzima duniani. Na Pargeter hakukosea kwa kutojua, maana naye ni mkusanyaji, mwanachama wa chama kile kile cha wapenzi wa picha pacha alichokuwamo Enid. Mtu wa chama hawezi kukata picha pacha ila awe na la kuficha. Ufedhuli mtupu.

Akavaa glavu, akaitia kadi kwenye kitazamio, akamwekea mkaguzi mezani. Oddie aliinama, akatazama. Kisha mkono wake ukainuka wenyewe, ukapapasa hewani. Alisema polepole kwamba ukuta uko huku, mnara uko kule nyuma, na katikati yao anapita mwanamke na kikapu. Katika picha ya Pargeter mwanamke huyo alionekana kama doa tu ukutani.

Watu wakaanza kupiga meza. Oddie akawatuliza, akaeleza kanuni: kila ushahidi hupigwa muhuri na namba juu ya uso wake, kisha hubaki jaladani moja kwa moja.

Enid aliichomoa kadi kwenye kitazamio, akaivuta kwake. Muhuri juu ya picha ni kifo cha picha. Na kadi ile Clifford ndiye aliyeiokota sokoni Skipton, mwaka waliooana.

Pargeter alilijua hilo. Akamwinamia sikioni.

"Enid, dada yangu, tuongee kama wanachama. Rudi na kadi yako nyumbani. Nitakupa ufunguo wa geti, wako peke yako, uende kwa Clifford saa yoyote utakayo."

Kusema kweli, moyo ulimyumba. Kadi na Clifford, vyote viwili, bila kupoteza kitu. Akageuka, akamwona Hepworth mchunga kondoo, ambaye mama yake alizikwa hatua mbili kutoka kwa Clifford, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hasira ikampanda.

"Mume wangu si kondoo wako, Lionel, hata nimwone kwa ufunguo wako," alisema, ukumbi mzima ukasikia. "Na hawa wenzangu wapitie wapi, dirishani?"

Akavua glavu, akaisukuma kadi mbele kwa vidole vitupu.

"Piga, mwanangu. Piga kwa nguvu, wino ushike."

Oddie akapiga. Wino wa buluu ukatapakaa juu ya mnara na anga lake. Pargeter alifumba macho. Enid hakufumba.

Mkaguzi akatangaza kwamba uamuzi utatoka baada ya wiki sita, na mpaka hapo seng'enge isiguswe. Enid alikuwa tayari anavaa koti.

"Wiki sita nitazingojea huko huko kwa Clifford," alisema. "Hepworth, koleo lako la kukatia waya liko garini?"

"Lipo, mama."

Wakatoka wote, wazee kwa vijana, na Pargeter nyuma yao akipiga kelele kwamba atawapeleka mahakamani. Oddie aliyatazama makaratasi yake, wala hakuinua kichwa mpaka ukumbi ulipobaki mtupu.