Msemaji Aliyefungua Ng'ombe

Kabla hajaanguka kutoka juu ya lori la simenti, Munyemana alikuwa na mdomo uliojulikana mpaka kisiwani Nkombo. Familia ya Cyangugu iliyotaka kumwombea kijana wao mke ilimtafuta yeye awe msemaji. Siku ya kuomba binti ni vita ya maneno: upande wa msichana unakataa kwa matani, upande wa mvulana unabembeleza kwa matani, na mwenye ulimi mzito anarudi na aibu. Munyemana hakuwahi kurudi na aibu. Alirudi na bia.

Ukaja mwaka ule Bukavu, mji wa ng'ambo, ilipoanguka mikononi mwa waasi, watu wakavuka mto Rusizi na magodoro vichwani. Lori lilikwepa umati, likaingia shimoni, na Munyemana, aliyekaa juu ya mifuko kama chifu, akatua kwa kichwa. Alipozinduka hospitalini alimwita mkewe Patricie "Monsinyori," na Patricie, aliyekuwa amechoka kulia, akambariki.

Miaka iliyofuata alijifunza upya kufunga vifungo vya shati, kwenda ziwani na kurudi bila kupotelea nyumbani kwa watu, kushika kijiko kwa mkono wa kulia uliogoma. Maneno nayo yalirudi. Kilichochelewa ni kuutambua mzaha wa wengine. Patricie akisema, "Leo nitakuua," mume alikwenda kujificha kwa jirani na kueleza kwa nini.

Basi mpwa wao Manzi alipompata mchumba, Kamikazi wa kijiji cha Muganza, familia ilimchagua Kabera, mdogo wake Munyemana, awe msemaji.

"Kabera akisema, hata mbuzi wanasinzia," Munyemana aliwaambia. "Huyu kijana nimemlea mimi. Nitasema mimi, ao musinialike."

"Kaka, kichwa chako..." Kabera alianza.

"Kichwa changu kimepasuka mara moja. Chako bado kinangoja kufunguliwa."

Walicheka, na kwa kuwa walicheka, wakamkubalia. Ila Patricie hakucheka. Kila asubuhi walipoanika sambaza, dagaa wa ziwani, alimfanyisha mazoezi ya salamu na sifa za ukoo, na akiona jasho linamtoka mumewe kwenye kovu, alimnyamazisha. Alijua uchovu ukimpanda, akili yake inafunga duka.

"Ukiharibu pale, Papa Feza," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "hawatakupa tena hata kuombea chakula."

"Najua," alisema. Na kweli alijua.

Muganza walikuta viti vimepangwa pande mbili, jua kali, na vumbi la kiwanda cha simenti limetua juu ya vitambaa vya meza. Walifunga ng'ombe wao wa mahari kwenye mti, wakashusha bia. Munyemana alisimama akasema vizuri. Alisifu mpunga wa bonde lao la Bugarama, akasifu mama wa msichana, akamsifu hata mbwa wao. Wazee waliomjua zamani wakatikisa vichwa kwa furaha. Jua likazidi. Kovu likaanza kung'aa.

Ndipo Mzee Ntawukuriryayo, msemaji wa upande wa msichana, akaleta utani ambao kila msemaji huleta.

"Wageni wetu, mumechelewa. Huyo Kamikazi alishaingia utawa. Sasa hivi yuko anaimba zaburi na masista."

Watu wakangoja jibu. Munyemana alimtazama kwa huruma.

"Pole, Mzee. Lakini mungetuma muntu atuambie. Tumekula vumbi njia nzima." Akawageukia watu wake. "Bantu yangu, tunarudi. Binti ni sista. Pakieni bia."

Kicheko kikapasuka pande zote mbili. Munyemana akaenda kwenye mti, akaanza kufungua kamba ya ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Kicheko kikapungua. Fundo la kwanza likafunguka. Mama wa msichana akasimama.

"Ntawukuriryayo, unamwacha aende?"

"Ni ujanja tu, anatutisha."

Ng'ombe akapiga hatua kuelekea barabarani. Manzi alikuwa amefunika uso. Kamikazi mwenyewe, ambaye desturi ilitaka abaki chumbani mpaka aitwe, akatoa kichwa dirishani. "Mimi niko hapa. Sijaimba zaburi yoyote."

Munyemana akasimama na kamba mkononi. "Mzee, kumbe umedanganya?"

"Ndiyo, nimedanganya," alisema mzee yule mbele ya ukoo wake wote. "Rudisha ng'ombe."

Walicheka mpaka wengine wakashika miti. Hakuna aliyekumbuka msemaji aliyeshinda upesi hivyo. Patricie peke yake aliona macho ya mumewe, akamshika kiwiko.

"Uliamini?"

"Mzee mwenye mvi, atanidanganya kwa nini?" Akatazama watu wanaocheka. "Ilikuwa mchezo?"

"Ilikuwa mchezo."

"Na zamani nilikuwa naujua?"

"Ulikuwa mwongo kuliko wote."

Kabla ya vinywaji kwisha, mgeni mmoja, Harelimana, alimfuata Munyemana kwa haraka. Alikuwa na kijana wa kuoa.

"Utatusemea, Papa. Na ule ujanja wa ng'ombe usisahau."

Patricie alimfinya mumewe akubali tu. Munyemana akauondoa mkono wake taratibu.

"Haikuwa ujanja. Niliamini. Lori lilinitupa kwa kichwa, mzaha siuoni."

Harelimana alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Nitakuja," Munyemana aliendelea, "lakini bibi yangu atakaa na mimi kiti cha mbele, aniambie nani anadanganya."

"Mwanamke mbele, na wazee? Wazee watasema nini?"

"Watasema. Ukiona vibaya, Kabera yuko pale, nenda umuamshe."

Harelimana alimtazama Kabera, ambaye kweli alikuwa amesinzia na chupa mapajani.

"Maman," alimuuliza Patricie, "utakuja?"

"Nitakuja," alisema Patricie. "Ila mjue nami siwezi kukaa mbele nikanyamaza."