Mlinzi wa Mitandao

Kampuni ya maji ilikuwa na pampu nyingi, mameneja wengi, na mtu mmoja tu wa kulinda kompyuta zinazoziendesha hizo pampu. Wenzake walikuwa wameondoka mmoja mmoja, huyu kachukuliwa na benki, yule kavuka mipaka, na yeye akabaki na simu inayolia hata akiwa na povu la sabuni usoni. Kazini walimwita Komeo, kwa jinsi alivyokuwa mgumu kumfungulia mtu chochote.

Siku hizo Komeo alikuwa hatulii. Mama yake alikuwa na uvimbe tumboni, na alishagoma kupasuliwa. Kitanda cha magurudumu kilipoletwa, aliuliza binti yake yuko wapi, akaambiwa yuko kazini, akasema basi na yeye haingii. Na kweli, siku hiyo Komeo alikuwa akihangaika na wezi wa mtandaoni waliokuwa wamefunga mfumo mzima. Daktari akapanga tarehe nyingine, akaonya kwamba uvimbe haujui kusubiri. Kaka yake akapiga simu.

"Mdogo wangu, safari hii usipokuja, mama akitutoka usije kulia mbele yangu."

Alikwenda kwa afisa utumishi, akasema anataka msaidizi, na anamtaka jana. Afisa akatangaza nafasi: shahada mbili, uzoefu wa miaka kumi. Hakutokea hata wa dawa. Wangetokea wapi, na kila ofisi inataka mzoefu aliyepikwa na ofisi nyingine? Afisa, kwa hasira, akafuta masharti yote akabandika tangazo jipya: Anahitajika mlinzi wa mitandao, haraka.

Asubuhi iliyofuata korido ilifurika. Komeo alifurahi mpaka alipowaona vizuri: mabuti, kofia, filimbi shingoni. Mmoja alikuja na barua ya kuthibitisha kwamba hajawahi kusinzia lindoni. Mwingine alimvuta pembeni kwa adabu zote.

"Samahani, dada. Hiyo Mitandao iko mtaa gani? Usafiri wa kurudi upo?"

Komeo alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Afisa alitaka kuwatimua wote. Komeo akamzuia, wala si kwa hekima, ni maji yalishamfika shingoni. Akaanza kuwaita ndani.

"Mtu amefika getini, amevaa sare ya kampuni, anasema ametumwa na mkurugenzi, ana haraka. Unafanyaje?"

Wengi walisema wanafungua na kupiga saluti. Akaingia mama mmoja mnene, kofia mkononi.

"Namwambia asubiri, nampigia mkurugenzi."

"Mkurugenzi hapokei."

"Basi ataendelea kusubiri."

"Anakutukana."

"Mwanangu, kutukanwa ndiyo kazi yenyewe."

Komeo akamchukua. Ofisi nzima ikamwita Mama Subiri, na afisa utumishi akatangaza kila mahali kwamba Komeo amerukwa na akili.

Kumfundisha kulikuwa kazi ya punda. Mama Subiri alibonyeza herufi kwa kidole kimoja, na siku moja aliwafungia wahasibu wote nje ya mfumo, mhasibu mkuu akashuka ngazi akifoka. Komeo mwenyewe hakuwa mwalimu mwepesi. Alikuwa akimpokonya kipanya, akimaliza kazi peke yake, kisha analalamika kwamba hana msaidizi. Mpaka Mama Subiri akamwambia, "Niache nikosee ukiwepo, dada, nisije nikakosea hupo." Komeo akaona haya, akakalia mikono yake. Kidogo kidogo mama yule akaanza kuziona barua pepe za kitapeli kabla hajaambiwa.

Siku ya upasuaji ilipofika, Komeo alikuwa wodini, kiwiliwili tu. Alitoka barazani, akarudi, akatoka tena. Pampu zinaendaje? Kwa nini hakuna anayepiga? Akatoa simu aingie kwenye mfumo achungulie, ikamkatalia. Katika haraka ya safari alikuwa amekosea nywila yake mara nyingi mno, akaunti ikajifunga. Akapiga ofisini.

"Mama Subiri, nifungulie akaunti yangu upesi."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi! Komeo!"

"Sauti inafanana. Ila si ulisema sauti siku hizi zinaigizwa?"

"Mama Subiri, mimi ni bosi wako! Nina haraka!"

"Hata matapeli huwa na haraka. Ukirudi, njoo na kitambulisho." Akakata.

Komeo aliitia simu mfukoni kwa hasira. Mlango ule aliujenga yeye! Alirudi wodini akikanyaga sakafu kana kwamba imemkosea. Wauguzi walikuwa wanaleta kitanda cha magurudumu, na mama yake alikuwa amekaza macho mlangoni, midomo imekauka kwa hofu.

"Wanakuita kazini?"

Komeo alifungua mdomo, na hapo ndipo neno lenyewe lilipomwingia.

"Hapana, mama. Wamenifungia nje."

"Afadhali," mama yake alisema, akaukamata mkono wake na kuwageukia wauguzi. "Haya, nipelekeni."