Leseni ya Tani Mia Tano

"Hii yako inaishia tani mia tano," Carolyne alisema, akimrudishia Musembi leseni. "Meli yetu imepita elfu ishirini. Sheria haiwezi niruhusu nikupeleke kama afisa."

Kando ya Musembi aliketi mkewe, Kavutha. Leseni ya Kavutha ilibaki upande wa Carolyne wa meza. Ile haikuwa na kikomo.

Ofisi ya Carolyne ya kuajiri mabaharia ilikuwa ghorofani, karibu na Moi Avenue, Nairobi. Walikuja pamoja, kama walivyosoma pamoja Mombasa. Wakati huo Musembi ndiye aliyekuwa mkali darasani. Ndiye aliyemfundisha Kavutha kuchora njia ya meli kwenye ramani. Lakini walipomaliza masomo alikimbilia kazi ya kwanza iliyotokea, kwenye meli ndogo ya kubeba saruji, na miaka yake yote humo ikampa leseni ya meli ndogo tu. Kavutha alikaa kwao Machakos akingoja meli kubwa, majirani wakimcheka, mpaka akaipata.

Carolyne alikuwa na nafasi nyingine. Meli hiyohiyo ilitaka baharia wa kawaida, na muda ambao Musembi angehudumu humo ungehesabiwa siku akiomba leseni kubwa.

"Shida ni moja," akaongeza, akimtazama Kavutha. "Utakuwa zamu ya madam, chini yake."

Musembi akasema atafikiria. Walipotoka, askari wa mlangoni alimpigia Kavutha saluti ya utani, akamwita kapteni, naye Kavutha akacheka. Kicheko kile kilimchoma Musembi kuliko yote aliyoambiwa juu.

Wakapanda matatu hadi Riruta, walikoishi. Nyumbani alilalamikia chai, akalalamikia redio ya jirani, akalalamikia viatu vya Kavutha vilivyoachwa mlangoni. Kavutha alimwacha aseme. Alipoanza kukata sukuma wiki, ndipo akamuuliza bila kugeuka.

"Ungefurahi kama ningekosa kazi?"



"Carolyne alipokuwa anaangalia leseni yako," Musembi akasema, "niliomba apate kasoro."

"Nilijua. Hukuniangalia hata mara moja."

Aliendelea kukata, polepole zaidi. Musembi alisimama mlangoni mwa jikoni, akiyatazama mabega yake, na wivu ulikuwa bado umo ndani yake. Kukiri hakukuutoa.

"Nikikubali, utaniamuru?"

"Tukiwa kwenye zamu, ndio. Nikisema geuza kulia, utageuza."

"Na nikiona umekosea?"

"Utaniambia. Halafu utangoja niseme."

Musembi akatoka nje hadi kwenye baraza la ploti waliyopanga, penye kamba za nguo. Akatafuta namba ya Carolyne ili amwambie amekubali, akapiga. Simu ikaanza kuita. Kule jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza juu ya ubao.