Kichwa cha Gari Jekundu

Nafisa alijua. Tusije tukamsingizia mtoto wala kiwanda. Alikivuta kile kichwa cha gari la kuchezea mara ya kwanza kikatulia, akakivuta mara ya pili kikacheza kidogo kama jino la mtoto, naye akaandika kwenye ficha, ile fomu ya majaribio, kwamba kimeshika vizuri. Tena kwa kalamu ya wino. Escolinha, chekechea ya Quitunda, anapolea watoto wa miaka mitatu hadi mitano, ilikuwa na vifuniko vya chupa na mipira ya matambara, basi. Mana Ivone, msimamizi wao, alimletea gari moja la mfano akamwambia, "Lijaribu siku mbili, dada. Likifaa, yanakuja arobaini." Sasa wewe ungeandika nini?

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la plastiki, halina hata betri. Ukilisukuma kwa nyuma linafunguka: milango inageuka mikono, boneti inageuka kifua, na juu kinachomoza kichwa cha buluu, kadiri ya punje ya njugu mawe, chenye macho mawili ya kuchorwa. Ukimkandamiza huyo mtu, anarudi kuwa gari. Nafisa alilidondosha kutoka mezani, akaliloweka, akayang'ata matairi. Likabaki swali la mwisho la ficha: mtoto akiachwa nalo peke yake analichezea vipi? Akampa bintiye Muanacha, wa miaka mitatu na nusu, akamwonya lisitoke nje, ni la escolinha, kesho linarudi. Kisha akachukua ndoo akaenda bombani.

Hakukawia. Aliporudi alimkuta yule mtu mwekundu amesimama sakafuni, mikono wazi, hana kichwa.

Pwani hii yetu, tangu watu wakatwe vichwa, kitu kisicho na kichwa hakitazamwi mara mbili. Ndoo ilimponyoka, maji yakatapakaa hadi chini ya kitanda. Hapo hapo Muanacha akakohoa.

"Muanacha! Kichwa chake kiko wapi?"

"Sijui."

"Umekimeza?"

Nafisa akampanua kinywa, akaingiza kidole mpaka kooni, akatoa mate na chembe za muhogo. Mtoto akalia, na katikati ya kilio akakohoa tena.

"Niambie, mamangu, sitakupiga. Kiko wapi?"

"Sijui!"

Mama mkwe wake, Bi Chamima, alitoka uani na mwiko mkononi. "Mpe tonge la ugali alimeze, likisukume."

"Kikikwama njiani je, mama? Si pumzi itakatika?"

"Basi mpige mgongoni! Umesimama unanitazama mimi?"

Walimpiga mgongoni. Walikung'uta mikeka, wakamwaga mchele kwenye ungo, wakachungulia kila ufa wa ukuta wa bloku. Kichwa hakikuonekana. Nafisa alikuwa akiomba Mungu kwa sauti, na kila alipofika katikati ya dua alikumbuka ule mstari wake wa wino: kimeshika vizuri. Mwongo mkubwa wewe, alijiambia. Umemuua mwanao kwa tamaa ya magari arobaini.

Hakungoja zaidi. Alimbeba mtoto ubavuni, na mkono wa pili ukalibeba fuko la pembeni ya mlango, wala hakuuambia ulibebe. Kila nyumba hapa ina fuko kama hilo, tangu mwaka ule mji wa Palma uliposhambuliwa na wenye bunduki: nguo moja moja, vitambulisho, kadi ya kliniki, unga kidogo na kiberiti. Mtu akitoka mbio, anatoka nalo. Akakimbia barabarani kumtafuta Jamaldine, jirani mwenye mota, pikipiki ya kubebea abiria.

Hilo ndilo kosa, maana wanawake wa bombani walimwona. Mwanamke anakimbia, mtoto ubavuni, fuko mkononi: nani atauliza? Ndoo zikaachwa zikifurika. Mmoja akapiga yowe, mlango ukabamizwa, na mara mtaa mzima unaitana majina. Mzee mmoja alikuwa ameshatoka na godoro kichwani, maskini.

"Wamekuja?" mtu akamfokea Nafisa. "Wanatokea upande gani?"

"Hakuna aliyekuja! Ni mtoto! Amemeza kitu!"

Nani alisikia? Jamaldine mwenyewe alikuwa ameshawasha mota akitaka kwenda kumchukua mkewe shambani, na Nafisa ilibidi asimame mbele ya gurudumu. "Shemeji, ni mtoto tu, wallahi, nipeleke Palma." Jamaldine alimtazama Muanacha, kisha fuko, kisha Muanacha. "Panda," akasema.

Njia nzima Nafisa aliweka kiganja kifuani pa mtoto, akizihesabu pumzi. Kila aliponyamaza alimtikisa ili alie. Mtoto anayelia anapumua, na hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Hospitalini muuguzi aliyeitwa Belmira alimlaza Muanacha kitandani, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, taratibu mno kwa moyo wa Nafisa. "Nasikia mafua tu," akasema. "Lakini tumpige picha. Nipe kadi yake."

Kadi ilikuwa fukoni. Nafisa alipiga magoti, akafungua fundo, lililolegea kuliko alivyolifunga. Akatoa unga, akatoa vitambulisho, akatoa kigauni cha Muanacha kilichokunjwa vibaya, si kwa mkono wake yeye Nafisa. Ndani ya kigauni, kimefungwa vizuri kama mtoto mchanga, kichwa cha buluu kikamtazama.

Alikaa chini kwenye saruji akalia kwa sauti, bila haya, mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia mlangoni.

"Nilikuuliza, Muanacha," akasema alipoweza. "Nilikuuliza mara ngapi?"

"Ulisema mtu akiniuliza kuna nini fukoni, niseme sijui."

Kweli alisema. Alimkaririsha hivyo tangu mtoto anaanza kuunganisha maneno, asubuhi baada ya asubuhi, wakichana nywele.

"Hata mimi?"

Muanacha akafikiri. "Hukusema."

"Na kwa nini ulimtia humo?"

"Tukitoka mbio, gari litakimbia lenyewe," mtoto akasema, akishangaa mama mtu mzima hajui. "Yeye kichwa tu. Hana miguu."

Belmira akageuka akajifanya anapanga dawa. Muanacha alizaliwa mwaka mmoja baada ya lile shambulio. Hakuwahi kusikia risasi wala kulala porini. Yote aliyoyajua aliyapata kwa mama yake.

Kesho yake Mana Ivone alikuja nyumbani kuchukua majibu. Nafisa alikuwa ameukata ule mstari na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: kinachomoka, halifai. Ivone akaguna kwa masikitiko, akaligeuzageuza lile gari kiganjani.

"Nilirudishe kamili lakini, dada. Kichwa chenyewe kiko wapi?"

Muanacha alikuwa pembeni ya mlango, amesimama karibu na fuko, macho yote kwenye mdomo wa mama yake.

"Sijui," Nafisa akasema.